Kitabu Kimoja, Meza Nzima

Gary Gygax alikuwa amepoteza kazi yake katika kampuni ya bima, akawa anatengeneza viatu nyumbani kwake ili familia ile. Rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, alikopa dola 1,000 kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Brian Blume akaingia wa tatu na dola 2,000. Kwa mtaji huo kampuni yao, Tactical Studies Rules ya mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, ilichapa nakala 1,000 za mchezo ambao Gygax aliutunga pamoja na Dave Arneson wa Minnesota. Vilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, vimepangwa kwa mkono, bei dola 10. Mwaka ulikuwa 1974 na mchezo uliitwa Dungeons & Dragons.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa mhasibu wa kampuni ya vitabu hapa Dar es Salaam, na nilipoisoma habari hii mara ya kwanza majoka hayakunishughulisha. Kilichonishughulisha ni zile nakala elfu moja. Maboksi aliyaweka nani? Wenye maduka walipewa punguzo gani? Na lililonikera zaidi: mtu akishanunua boksi hili, kesho atarudi kununua nini?

Kwa asiyeujua, mchezo huu wa uhusika uko hivi. Wanakaa watu watano au sita mezani. Mmoja ni msimuliaji: yeye ndiye anayejua kijiji kina siri gani, pangoni kuna nini, na yule mzee wa sokoni ni mkweli au ni tapeli. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, kamwandika kwenye karatasi: nguvu zake, akili zake, silaha zake, hata madeni yake. Msimuliaji anasema mmefika kwenye mlango wa chuma. Mchezaji anasema naupiga teke. Dadu inarushwa, na kitabu cha kanuni kinaeleza namba gani inatosha kuuvunja. Ubao hauhitajiki, mshindi hakuna, na mwisho haulazimiki. Kundi moja linaweza kuendelea na hadithi ileile miaka kumi.

Sasa hesabu matumizi ya kundi hilo kwa miaka hiyo kumi. Penseli, karatasi, dadu chache na kitabu cha kanuni. Kitabu chenyewe ananunua mmoja, wengine wanaazima. Tangu miaka ya 1970 wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa wakitoa kopi za vijitabu vya Gygax, maana dola 10 ilikuwa pesa. Mtoto wa kaka yangu anacheza na wenzake Magomeni siku za Jumamosi, na hali ni ileile: kanuni wamezipakua kwenye intaneti, wakazitoa kopi kwenye steshenari ya mtaani, wakazibaindi, na dadu wanarushia kwenye simu. Wana furaha tele, ila hakuna mchapishaji duniani aliyeiona shilingi yao.

Kila kampuni iliyowahi kuchapa michezo hii imeishi na tatizo hilo. Burudani yenyewe wanaitengeneza wachezaji kwa vinywa vyao. Mchapishaji anauza kichocheo tu, na kichocheo hicho hakiishi. Mbinu zote za biashara nitakazozieleza ni majibu ya tatizo hilo moja, na baadhi ya majibu yaliua kampuni zilizoyatoa.

Jibu la haraka kuliko yote lilitoka London. Mwaka 1975 vijana watatu, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, walianzisha biashara ndogo ya michezo wakiita Games Workshop, ofisi ikiwa fleti waliyokuwa wakiishi. Boksi la Gygax lilipowafikia waliagiza nakala sita. Sita tu. Kwa oda hiyo wakapewa haki ya kuwa wasambazaji pekee wa mchezo huo Ulaya kwa miaka mitatu. Hapo unaona hali ya Lake Geneva wakati ule: mtu anayeagiza maboksi sita kutoka ng'ambo alikuwa mteja mkubwa. Lakini vijana wale waligundua kitu. Mchezaji anayenunua kitabu ananunua mara moja, ila anayenunua askari wadogo wa kuchonga, wa kupanga mezani na kuwapaka rangi, hamalizi. Leo kikosi, kesho farasi, keshokutwa jeshi la adui. Mwaka 1979 wakaanzisha Citadel Miniatures ya kutengeneza vinyago, na kadiri miaka ilivyopita wakaviacha vitabu vya watu wengine wakabaki na vinyago vyao. Desemba 2024 Games Workshop iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Tatizo walilitatua kwa kulihama.

Waliobaki na vitabu walikuwa na kazi.

Don Kaye alifariki ghafla mwanzoni mwa 1975, na familia ya Blume ikaingiza pesa zaidi. Gygax, mwenye mchezo, akajikuta na hisa chache kuliko wenzake. Haya hutokea kwenye kampuni za marafiki, na mara nyingi mhasibu ndiye anayeyaona kwanza. Kampuni ikageuka TSR. Jibu lao la kwanza kwa swali langu lilikuwa la kawaida: ongeza vitabu. Kati ya 1977 na 1979 wakatoa vitabu vitatu vinene vyenye majalada magumu, kimoja cha viumbe, kimoja cha wachezaji na kimoja cha msimuliaji, chini ya jina Advanced Dungeons & Dragons. Kwa kuwa huu ulihesabiwa kuwa mchezo mwingine, mrabaha wa Dave Arneson ukawa na utata. Akafungua kesi mwaka 1979, wakapatana 1981. Wakati huohuo TSR waliendelea kuuza maboksi mepesi kwa wanaoanza, yaliyofika hadi kwenye maduka ya vitu vya watoto. Tangu hapo kila kampuni imejua kwamba mlango wa kuingilia uwe wa bei nafuu na vyumba vya ndani viwe ghali.

Jibu la pili nalipenda zaidi: riwaya. Mwaka 1984 TSR ilitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Dragonlance, kilichoandikwa na Margaret Weis na Tracy Hickman. Msomaji wa riwaya hahitaji meza, marafiki wala Jumamosi nzima. Anamaliza kitabu kitandani, kesho anataka cha pili. Hapo kampuni ya michezo ikawa na bidhaa inayoisha.

Wajapani walilifikisha jibu hili mbali. Mwaka 1986 jarida la kompyuta liitwalo Comptiq lilianza kuchapa maandishi ya mazungumzo ya watu waliokuwa wakicheza Dungeons & Dragons: nani alisema nini, dadu ilitoa nini, nani alicheka. Wasomaji wakayafuata kama tamthilia. Ryo Mizuno, aliyekuwa msimuliaji wa meza ile, akaigeuza hadithi yake kuwa riwaya, Record of Lodoss War, na baadaye ikawa filamu za katuni. Waliofanya naye kazi, Group SNE, wakatoa mchezo wao wenyewe, Sword World, mwaka 1989, kwenye vitabu vidogo vya jalada laini vya kutia mfukoni, wakati Wamarekani walikuwa wakishindana kwa majalada magumu ya kupamba kabati. Ningekuwa na kampuni ningesafiri kwenda kuwaona hawa kabla ya kwenda Wisconsin.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonikosesha usingizi kama mhasibu. Tangu 1979 vitabu vya TSR vilifika kwenye maduka ya vitabu ya kawaida kupitia Random House, mchapishaji na msambazaji mkubwa wa New York. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua mali kauli: unampa mtu bidhaa kwa neno lake, analipa akishauza. Ukikosa pesa leo, angalau unajua kwamba hujalipwa. Mpango wa Random House ulikuwa wa kinyume na ndiyo maana ulikuwa hatari zaidi. TSR ilipata pesa shehena ikishapelekwa, kabla msomaji hata mmoja hajafungua pochi. Vitabu ambavyo havikuuzwa vingeweza kurudishwa, na vikirudi, pesa zake zilikuwa deni.

Biashara ya vitabu ina marejesho kila mahali, hata hapa. Kwetu vitabu vya kiada vilirudi muhula ukishaanza, majalada yamepauka kwa jua la dirishani, na jambo la kwanza nililofundishwa na bosi wangu, mama mmoja mkali wa Tanga, ni kutoiita pesa yoyote faida mpaka msimu wa marejesho upite. "Hiyo bado ya wenyewe," alikuwa akisema, na daftari analifunga. Lakini tazama kishawishi cha TSR. Mishahara ya mwezi huu haitoshi? Chapa kitabu kipya, kipeleke New York, pesa inaingia. Mwezi ujao je? Chapa kingine. Kiwanda kinazunguka, mauzo kwenye karatasi yanapendeza, na hakuna anayejua watu wangapi kwa kweli wanakitaka kitabu kile.

Hapo ndipo dunia zikaanza kuzaliana. Mchezo ni mmoja, ila TSR iliuza mazingira tofauti ya kuchezea: Forgotten Realms ya mashujaa, Dragonlance ya vita vya majoka, Ravenloft ya mizimu, Dark Sun ya jangwa, Al-Qadim yenye harufu ya Alfu Lela Ulela, Spelljammer ya merikebu za angani, Planescape, Birthright. Kila moja ilikuwa na maboksi yake, ramani zake na riwaya zake, na nyingine ni kazi nzuri mno. Tatizo ni kwamba kundi la Dark Sun halinunui kitabu cha Ravenloft. Walidhani wanaongeza wateja, kumbe wanawagawa walewale mafungu mafungu, huku gharama ya kuchora, kuhariri na kuchapa ikibaki ya kitabu kizima kwa kila fungu.

Mwaka 1993 pigo likatoka upande ambao hawakuutazama. Kampuni changa ya jimbo la Washington, Wizards of the Coast, ilitoa Magic: The Gathering, mchezo wa karata uliobuniwa na Richard Garfield. Karata ziliuzwa katika pakiti zilizofungwa bila mnunuzi kujua ndani kuna nini, na kila mchezaji alihitaji zake. Hii ndiyo dawa kamili ya tatizo langu la mwanzo: wanunuzi wote mezani, na kila wiki. Maduka yaliyokuwa yakinunua vitabu vya TSR yakahamishia pesa zao kwenye karata. TSR ilijaribu kuiga kwa mchezo wa dadu za kukusanya, Dragon Dice, wakatengeneza nyingi kuliko soko lilivyoweza kumeza. Mwishoni mwa 1996 marejesho yakaja kwa wingi kutoka New York. Kiwanda kilichokuwa kikiwachapia kilikuwa hakijalipwa, kikakataa kuendelea, na kampuni ya vitabu isiyoweza kuchapa kitabu imebaki jina tu. Mwaka 1997 Wizards of the Coast, wauza karata wale, wakainunua TSR kwa takriban dola milioni 25. Miaka miwili baadaye Wizards nao wakanunuliwa na Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea.

Mmoja wa waliokwenda kukagua vitabu vya hesabu vya TSR alikuwa Ryan Dancey. Baadaye aliandika kwamba hakukuta dalili kuwa kampuni ile iliwahi kuwauliza wateja wake wanataka nini. Yeye ndiye aliyekuja na wazo lililobadilisha biashara yote, na kwa mawazo yangu ni wazo la kihasibu kuliko la kisanii. Fikiri hivi. Kitabu cha kanuni za wachezaji kinaweza kununuliwa na watu wote mezani. Kijitabu cha hadithi ya kucheza, chenye pango lake na jambazi wake, ananunua msimuliaji peke yake, maana wengine wakikisoma utamu umekwisha. Kwa hiyo hadithi zina gharama ya kitabu na soko la mtu mmoja kati ya watano. Bila hadithi mchezo unakufa, lakini kuzichapa hakulipi. Basi waachie wengine wazichape!

Mwaka 2000, pamoja na toleo la tatu la mchezo, Wizards walitoa leseni huria, Open Game License, wakifuata mfano wa programu huria za kompyuta. Mtu yeyote aliruhusiwa kutumia kiini cha kanuni zao na kuuza kazi yake bila kulipa mrabaha. Na kila kijitabu kilichotoka kwa mtu mwingine kilimrudisha msomaji kwenye kitabu cha wachezaji cha Wizards. Walipata matangazo ambayo wengine waliyagharimia.

Ikafanya kazi vizuri kupita kiasi. Kila aliyekuwa na kompyuta akawa mchapishaji, na maduka yakajaza rafu vijitabu ambavyo vingi havikuwa vimehaririwa. Mwaka 2003 Wizards wakatoa kanuni zilizorekebishwa, na mzigo uliokuwa rafuni ukapitwa na wakati siku ileile. Wengi wa wadogo hawakunyanyuka tena.

Aliyenyanyuka ni Paizo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2002 na Lisa Stevens, hukohuko Washington. Ilikuwa ikichapa magazeti mawili ya mchezo, Dragon na Dungeon, kwa kibali cha Wizards. Mwaka 2007 kibali kikaisha bila kuongezwa. Kwa kampuni nyingi huo ungekuwa mwisho. Paizo walikuwa na kitu kimoja cha thamani, orodha ya watu waliozoea kulipa kila mwezi na kupokea kitu kwa posta. Wakaanza kuwatumia hadithi ndefu kwa mafungu ya kila mwezi, Pathfinder. Wizards walipotoa toleo la nne mwaka 2008 kwa leseni yenye masharti makali, Paizo wakachukua kanuni za zamani, ambazo leseni huria ilikuwa imeshaziachia, wakaziboresha mbele ya macho ya wachezaji, wakatoa mchezo kamili mwaka 2009. Kwa muda ukawashinda wenye asili kwenye maduka. Leseni iliyobuniwa kumlinda mkubwa ndiyo iliyomtilia mshindani wake mafuta kwenye gari.

Nizungumzie mgawo wa bei, kwa sababu bila huo hutaelewa kwa nini wadogo wamekimbilia wanakokimbilia. Chukua kitabu cha dola 50 katika duka la michezo Marekani. Duka linabaki na karibu nusu. Msambazaji anachukua fungu lake. Mchapishaji anapata kama dola 20, na humo ndani kuna kiwanda, mwandishi, mchoraji, mhariri, ghala na kodi. Picha ndiyo inayouma, maana mnunuzi wa vitabu hivi anataka rangi kila ukurasa. Mtu anayechapa nakala 2,000 anaweza kuziuza zote na bado akabaki na deni la mchoraji.

Faili za PDF zilipunguza maumivu. Kwenye duka la mtandaoni la DriveThruRPG, linalotawala soko hilo, mchapishaji anabaki na karibu theluthi mbili ya bei, hana ghala wala marejesho. Wizards wenyewe waliziogopa faili hizi. Mwaka 2009 walizifuta zote sokoni kwa hofu ya wizi, wakazirudisha 2013. Mwaka 2016 walikuja na mpango wa ujanja zaidi uitwao DMs Guild: andika hadithi katika dunia zetu maarufu, iuze kwenye duka letu, nusu yako, nusu yetu na mwenye duka. Wengine wanaona nusu ni dhuluma. Mimi naona ni bei ya kupanga chumba katika mtaa wenye watu, ilimradi mwandishi ajue kwamba kile alichokijenga humo hawezi kuhama nacho.

Lakini jibu lililoleta pesa nyingi kuliko yote katika miaka hii ni la kulipwa kabla ya kuchapa. Halikuanzia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha. Mwandishi Greg Stolze aliwahi kuandika michezo, akataja kiasi, na kusema pesa ikitimia ataiachia bure kwa dunia nzima. Wolfgang Baur tangu 2006 aliwakusanya wafadhili wadogo wadogo walipie hadithi kabla haijaandikwa, na mradi wake ndio leo Kobold Press. Kickstarter, iliyofunguliwa 2009, iliufanya mtindo huu kuwa barabara kuu. Mwaka 2021 Magpie Games walichangisha zaidi ya dola milioni 9.5 kutoka kwa watu zaidi ya 81,000 kwa mchezo wa katuni ya Avatar. Mwaka 2024 Brotherwise Games walivuka dola milioni 15 kwa mchezo wa riwaya za Brandon Sanderson.

Namba hizi zinawalevya vijana, kwa hiyo niseme kama mhasibu: pesa hiyo siyo mapato. Ni deni. Umepokea fedha za watu 81,000 na hujawapa kitu. Kila kitabu wanachokudai kina bei ya karatasi itakayopanda na bei ya posta itakayopanda zaidi. Chaosium, kampuni kongwe iliyoanzia California na kutoa Call of Cthulhu mwaka 1981, ilichangisha zaidi ya dola nusu milioni mwaka 2013 kwa toleo la saba la mchezo huo. Ikaahidi zawadi nyingi za ziada, na gharama za kusafirisha mizigo nchi za nje zikaitafuna. Vitabu vikachelewa sana. Mwaka 2015 mwanzilishi wake, Greg Stafford, alirudi kazini kuiokoa, uongozi ukabadilika, na wateja wakapata vitabu vyao. Siku hizi waendesha michango wenye akili wanatoza posta baadaye, mzigo ukiwa tayari, kwa bei ya siku hiyo.

Wengine wamejificha nyuma ya bidhaa nyingine. Steve Jackson Games ya Texas, isichanganywe na Steve Jackson wa London, iliheshimika kwa vitabu vya mchezo wake wa GURPS vilivyoanza 1986. Tangu 2001 ugali wake unatoka kwenye Munchkin, mchezo wa karata unaowadhihaki wachezaji haohao wa michezo ya uhusika. Nasikia wenyewe ndio wanaoununua zaidi.

Mkubwa naye alikuwa na mawazo yake. Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la 2014, lilikuja na kanuni za msingi za bure mtandaoni, na watu wakaanza kutazama meza za wengine kwenye video kama wanavyotazama mpira. Kipindi cha Critical Role, kilichoanza 2015, kililiuza toleo hilo kuliko tangazo lolote. Wachezaji wakaongezeka kuliko wakati wowote, lakini tatizo la Lake Geneva likabaki palepale. Desemba 2022 mkuu wa Wizards, Cynthia Williams, aliwaeleza wawekezaji kwamba mchezo huo bado haujavunwa ipasavyo: wasimuliaji ni kama asilimia 20 tu ya wachezaji, na ndio wanaotoa sehemu kubwa ya pesa. Nilipoisoma nilitikisa kichwa kwa kukubali. Mezani hununua mmoja.

Dawa waliyoandaa ndiyo sikuikubali. Hasbro ilikuwa imenunua D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ambamo wachezaji hutunza wahusika wao, kwa dola milioni 146.3 mwaka huohuo. Kisha Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ikavuja kwa waandishi wa habari. Ilitaka kuibatilisha leseni ya mwaka 2000, iwatake wachapishaji wenye mapato ya zaidi ya dola 50,000 watoe taarifa, na wanaopita dola 750,000 walipe asilimia 25 ya mapato ya juu ya hapo. Angalia: ya mapato, wala siyo ya faida. Rudi kwenye mgawo wangu wa kitabu cha dola 50 uniambie asilimia 25 ya mapato inatoka wapi. Aliyeiandika hakuwa amewahi kulipa kiwanda.

Wachezaji wakafanya kitu ambacho wateja hufanya mara chache: wakaenda kwenye akaunti zao za D&D Beyond na kukata usajili, kwa wingi. Paizo wakatangaza kwamba watatunga leseni nyingine isiyomilikiwa na kampuni yoyote, na kitabu chao kikuu, akiba ya miezi minane, kikaisha ndani ya wiki mbili. Kobold Press wakatangaza mchezo wao. Tarehe 27 mwezi huohuo Wizards wakarudi nyuma kuliko walipotakiwa kurudi: kiini cha kanuni za toleo la tano wakakiweka chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haifutiki. Mtu yeyote, popote, anaweza kukitumia, kukifasiri na kukiuza, mradi ataje kilikotoka.

Popote ni pamoja na Magomeni. Mtoto wa kaka alilijua hilo kabla yangu. Mwaka jana alikuja nyumbani na shikamoo mbili, nikajua ana shida. Yeye na wenzake wanataka kuzitoa kanuni kwa Kiswahili pamoja na hadithi yao ya kwanza: mji wa mawe pwani, majahazi, na sultani ambaye hakuzikwa vizuri. Alitaka jalada gumu, rangi kila ukurasa, na mtaji wa shangazi.

Nilichukua karatasi nikampigia hesabu mbele yake. Hadithi itoke kwanza peke yake, kwenye simu, watu walipe kwa M-Pesa. Kanuni ziwe za bure. Kuchapa kusubiri mpaka walipaji wa kabla wafike idadi ambayo kiwanda kinaipunguzia bei, na nauli ya basi hadi Arusha na Mwanza aitoze siku ya kutuma. Asipeleke dukani kwa mali kauli mpaka nakala za waliolipia ziwe mikononi mwao. Na mchoraji alipwe mwanzoni, kwa sababu akidai ndiye atakayekuharibia jina mjini.

Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote. Kisha akaniambia, "Sawa, Shangazi, lakini bado hatujakubaliana hata nani analipia kopi za Jumamosi hii."